Swali hutoka kabla jibu halijaingia: namna ya kukusanya habari za biashara katika nchi ndogo, na kulinda zako

Mwaka wangu wa tatu katika kazi hii nilipewa jukumu lililoonekana jepesi. Mteja alitaka kununua ghala karibu na bandari, naye alitaka ajue kwanza kama mwenye ghala anauza kwa kuwa amelichoka au kwa kuwa benki imemkaba koo. Nilipita pale mara moja, nikahesabu milango ya kupakilia mizigo, kisha nikapiga simu tatu. Wote watatu niliwauliza kwa maneno yaleyale: lile ghala la milango saba, hali yake ikoje siku hizi?

Siku ya nne mteja akanipigia, sauti ameishusha. Alikuwa amepata habari nyeti kutoka kwa mtu wa ndani kabisa: kuna mnunuzi mwingine, mwenye fedha, analizungukia lile ghala la milango saba, na mwenye mali ameshapandisha bei.

Nilirudi bandarini nikahesabu upya. Milango ilikuwa sita. Ule wa saba ulikuwa mlango wa ofisi, umepakwa rangi ileile ya kijani. Hapakuwa na mnunuzi mwingine yeyote. Mnunuzi yule alikuwa mimi. Swali langu lilitoka kwa mtu mmoja kati ya wale watatu, likapita kwa shemeji yake, likamfikia mwenye ghala, kisha likamrudia mteja wangu limevishwa nguo za habari, na kosa langu la kuhesabu likiwa bado mgongoni mwake.

Nina miaka 19 sasa katika kazi hii, na karibu kila ninachofanya kimetokana na mlango ule wa saba. Katika nchi kubwa unaweza kuwauliza watu kumi na swali likapotelea katika umati. Katika nchi ya watu laki tatu, au hata milioni moja, umati haupo. Mhasibu wa kampuni unayoichunguza amesoma darasa moja na dada wa wakili wako. Iceland, yenye watu wasiofika laki nne, ina hazina ya nasaba mtandaoni, Íslendingabók, ambamo raia huangalia undugu wake na raia mwenzake. Nchi nyingine ndogo hazina kompyuta ya namna hiyo, lakini nasaba hizo watu wanazo vichwani, na huzitumia kila siku.

Nawaandikia wenye kampuni za kawaida na wanaowafanyia kazi yangu hii: watu wasio na idara ya usalama wala bajeti ya wapelelezi, wanaotaka kujua wanafanya biashara na nani, na wasingependa wengine wajue mengi mno kuwahusu.

Anza na karatasi tupu

Kabla sijagusa simu naandika mistari mitatu. Ni uamuzi gani unaosubiri jibu hili? Unafanywa lini? Ni jibu gani ambalo likipatikana litaubadilisha? Mteja akishindwa kujibu la tatu, siichukui kazi, kwa sababu anachotaka ni kujiridhisha tu, na kujiridhisha huko kutawafikia watu wasiohusika.

Mistari hiyo mitatu ingeniokoa siku ile ya ghala. Swali halisi la mteja wangu lilikuwa hili: je, kuna rehani juu ya jengo, na anayeidai ni nani? Jibu lake lilikuwa limelala katika daftari la rehani, linasomwa na yeyote anayelipa ada. Simu hata moja haikuhitajika.

Kwenye karatasi hiyohiyo nachora watu: mwenye kampuni, wakurugenzi, wakili, mkaguzi wa hesabu, meneja wa benki. Nawaunganisha kwa mistari ya damu, ndoa, shule, timu. Ramani hii ina kazi moja tu, kunionyesha nani nisimuulize. Naichora kwa penseli, na kazi ikiisha naichana. Sheria za kulinda taarifa binafsi, ambazo sasa ziko katika nchi nyingi, hazikuruhusu kuhifadhi majalada ya familia za watu eti huenda yakafaa baadaye. Na hata pale sheria iliponyamaza, daftari la ndoa za watu ni hatari kwa aliyelishika. Litaibiwa, au litasomwa na mtu ambaye jina lake limo.

Karatasi kabla ya watu

Kwa hesabu yangu, sehemu kubwa ya ninachouza imetoka katika nyaraka zilizo wazi. Wateja hawapendi kulisikia hilo, lakini ndivyo ilivyo.

Kwa msajili wa makampuni mimi husoma tarehe kabla ya tarakimu. Kampuni iliyozoea kuwasilisha hesabu zake Machi, ghafla ikawasilisha Oktoba, tayari imesema jambo. Iliyobadilisha mkaguzi wa hesabu mara mbili ndani ya miaka mitatu imesema zaidi. Kwenye daftari la rehani natafuta mali iliyokuwa huru ikawekwa dhamana karibuni: mitambo, magari, madeni ya wateja. Benki inapoomba dhamana ya ziada kwa mkopo wa zamani, kuna kitu imekiona.

Mahakamani usivutwe na kesi kubwa. Kesi kubwa mara nyingi ni ugomvi wa wakubwa tu. Tafuta madai madogo madogo: muuza karatasi, fundi wa viyoyozi, kampuni ya ulinzi. Wadai wadogo watatu wakifungua kesi ndani ya miezi mitatu, kampuni hiyo imeishiwa fedha taslimu, hata kama jengo lake linang'aa.

Matangazo ya kazi yanakili siku yanapotoka, maana huondolewa. Kampuni moja ya usafirishaji niliyokuwa naifuatilia ilitangaza nafasi ya msimamizi wa vyumba vya baridi, ilhali haikuwa na chumba cha baridi hata kimoja. Tangazo lilikaa siku tano likatolewa. Mteja wangu alipata miezi kadhaa ya kujiandaa kabla mshindani huyo hajaingia katika biashara ya mizigo ya baridi, na hakuna aliyevunja kiapo cha siri. Kurasa za tovuti zilizofutwa unaweza kuzipata katika Wayback Machine, iliyofunguliwa kwa umma 2001. Jenga mazoea ya kuangalia ukurasa wa wafanyakazi wa kampuni ulivyokuwa mwaka jana na mwaka juzi.

Kisha tazama nje ya mipaka. Kampuni ya nchi ndogo mara nyingi ina mbia au mgavi katika nchi kubwa, na huko sheria humlazimu mbia huyo kuandika mengi. Siri ambayo mji mzima unanong'onezana hapa, nimeikuta imechapishwa katika ripoti ya mwaka ya kampuni mama, kwenye sehemu inayoeleza hatari za biashara. Hifadhidata ya kampuni za nje ya nchi (offshore) iliyofunguliwa mwaka 2013 na ICIJ, muungano wa kimataifa wa waandishi wa uchunguzi, nayo ipekue, ila usimhukumu mtu kwa kuwa jina lake limo. Kuwa na kampuni ya namna hiyo kunaweza kuwa halali kabisa, na ICIJ wenyewe wanatoa tahadhari hiyo.

Kuhusu wamiliki halisi, yaani wale walio nyuma ya majina yaliyoandikwa, mlango mmoja umerudishwa nusu. Tarehe 22 Novemba 2022, katika kesi iliyoanzia Luxembourg, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kumfungulia kila mtu daftari la wamiliki hao ni kuingilia faragha kupita kiasi. Tangu hapo, katika nchi za Umoja huo, tarajia kuulizwa una haja gani halali. Andaa jibu la kweli, kwa maandishi, kabla hujaomba.

Jambo moja wageni wa kazi hii hawalioni: dirisha la masjala lenyewe linavuja. Karani ananijua kwa jina. Ana tabia ya kusoma ombi kwa sauti anapoliandika, na nyuma yangu kuna foleni. Kwa hiyo siombi jalada moja. Naomba ya kampuni zote nane za sekta ile, nalipa ada ya nane, na ada hizo naziweka kwenye bajeti tangu mwanzo. Mifumo ya mtandaoni nayo iulizie kwanza: je, anayetafutwa anaweza kuona nani amemtafuta? Norwei, kwa taarifa za kodi, imeruhusu hilo tangu 2014.

Watu

Sijifanyi mtu mwingine. Nina sababu ya maadili, na nina sababu ya kazi. Ya maadili haihitaji maelezo. Ya kazi ni kwamba katika nchi ndogo jina la bandia linaishi mpaka salamu ya kwanza: mtu atauliza wewe ni wa nani, na hapo umekwisha. Hata katika nchi kubwa mchezo huo huishia pabaya. Mwaka 2006 ilijulikana kwamba wapelelezi waliokodiwa na kampuni ya kompyuta ya Hewlett-Packard, wakitafuta nani katika bodi anawavujishia waandishi, walipata rekodi za simu za wakurugenzi na waandishi kwa kujifanya ndio wenye namba hizo. Mwenyekiti wa bodi, Patricia Dunn, aliondoka, na Januari 2007 Marekani ikatia saini sheria inayofanya ulaghai huo wa rekodi za simu kuwa kosa la jinai.

Mimi nasema hivi: "Mzee, nimetumwa na mteja ambaye sitakutajia jina, nalipwa kwa kazi hii, na una haki ya kunijibu au kuniacha." Wengi hujibu. Mtu aliyeambiwa ukweli tangu mlangoni hukaa kwa utulivu zaidi kuliko anayehisi anachimbwa.

Waswahili husema siri ya mtungi aijuaye kata, na katika ofisi kata zipo: dereva, msafishaji, karani wa mapokezi. Wanajua kila kitu. Lakini siwaulizi. Wao ndio watakaofukuzwa wa kwanza jambo likifumuka, na hakuna taarifa ninayouza yenye thamani ya mshahara wa mtu. Nawaendea waliostaafu zamani, wagavi wanaouza kwa kampuni zote za sekta, viongozi wa chama cha wafanyabiashara, wakadiriaji wa mali. Simlipi mtu kwa habari, wala simwombi aliyeajiriwa avunje mkataba wake.

Uliza kuhusu kazi, usiulize kuhusu kampuni. "Biashara ya kuhifadhi mizigo mwaka huu inaendaje?" Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Nilijifunza kuhesabu kimoyomoyo hadi kumi na tano kabla ya kuongeza neno, na mara nyingi ninachokitafuta huja kati ya kumi na kumi na tano, mtu anapoona aibu ya ukimya.

Na tangu mlango wa saba, kila mtu nampa neno lake. Mmoja namuulizia maghala, wa pili namuulizia mabohari, wa tatu magodauni. Sijadanganya, maneno yote ni sahihi. Lakini swali likinirudia kupitia mdomo mwingine, neno lililomo linaniambia limepita wapi. Nimewahi kusimama kwenye foleni ya benki nikamsikia kijana nisiyemjua akimweleza mwenzake habari za "mabohari ya upande wa kaskazini", na nikajua palepale ni mazungumzo gani yaliyovuja, ya Jumanne, saa nne asubuhi.

Usiku huohuo andika. Safu tatu: amesema nini, amejuaje, mimi naonaje. Bila safu ya pili daftari lako ni la umbeya. Kisha pima kwa kipimo kilichotoka jeshi la majini la Uingereza, ambacho NATO wanakitumia: herufi A hadi F kwa mtoa habari, namba 1 hadi 6 kwa habari yenyewe. Mtu wa kuaminika kabisa ni A. Habari iliyothibitishwa na njia nyingine ni 1. Wanaoanza hukosea mwishoni mwa kipimo. Wanadhani F ni mwongo na 6 ni uongo. Mwongo anayejulikana ni E, na jambo lisiloelekea kuwa kweli ni 5. F na 6 maana yake huwezi kupima bado. Mtu mpya ambaye hujawahi kumsikia ni F hata kama ni mkweli kuliko wote. Vipime mbalimbali, maana mtu wa A huweza kukuletea habari ya 5, amedanganywa na yeye.

Hesabu chemchemi, usihesabu midomo. Watu watano waliwahi kuniambia, kwa nyakati tofauti, kwamba kampuni fulani inanyang'anywa leseni. Niliwarudia kwa upole mmoja mmoja: wewe ulisikia wapi? Wote watano walinifikisha kwenye kikao kimoja, kwa mtu mmoja aliyetamka sentensi moja bila kufikiri. Leseni ile haikuguswa. Lisemwalo lipo, wanasema, nami nimeona wateja wakipoteza fedha nyingi kwa kuuamini msemo huo.

Kumlinda aliyezungumza nawe

Hapa sina masihara. Stanley Adams alikuwa meneja katika kampuni ya dawa ya Hoffmann-La Roche, Basel. Mwaka 1973 aliiarifu Komisheni ya Jumuiya ya Ulaya kuhusu mbinu za kampuni hiyo katika soko la vitamini, akaomba jina lake lifichwe. Jina hawakulitoa. Walichofanya ni kuipa kampuni nakala za nyaraka ambazo zilitosha kumtambulisha. Mkesha wa mwaka mpya, 31 Desemba 1974, akiwa ameshaacha kazi, alikamatwa akiingia Uswisi na familia yake. Akiwa kizuizini mkewe alijiua. Alihukumiwa chini ya kifungu cha 273 cha sheria ya jinai ya Uswisi, kinachoharamisha kuwapa wageni siri za biashara. Mwaka 1985 Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba Komisheni imekosea na ilipe nusu ya hasara yake.

Kilichomfichua ni karatasi. Kwa hiyo karatasi ya mtoa habari haitoki mikononi mwangu, wala nakala yake. Nachukua jambo lililomo, natafuta njia ya pili ya kulifikia, na njia ya pili ndiyo ninayoiandika kwenye ripoti. Nikiikosa, jambo hilo haliingii.

Kuficha jina peke yake hakutoshi mahali ambapo kila mtu anajulikana. Niliwahi kuandika "afisa mmoja wa ununuzi" nikajiona nimemficha. Idara ile ilikuwa na maafisa wawili, na mmoja alikuwa likizo. Nashukuru niliisoma rasimu asubuhi kabla ya kuituma. Sasa natumia kipimo hiki: je, kuna watu watatu au zaidi ambao wangeweza kulijua jambo hili siku ile? Kama hawapo, nasubiri mpaka wawepo.

Kulinda zako

Mkataba wa haki miliki wa Shirika la Biashara Duniani, uitwao TRIPS, kifungu cha 39, na agizo la Umoja wa Ulaya namba 2016/943, vinaieleza siri ya biashara kwa masharti matatu: haijulikani kwa wengine wa fani ile, ina thamani kwa sababu haijulikani, na mwenyewe amechukua hatua za maana kuilinda. La tatu ndilo linaloangusha watu mahakamani. Ukiwa umeiacha orodha ya wateja kwenye folda ambayo kila mfanyakazi anaifungua, hakimu atakuuliza ni siri gani hiyo. Ujue pia kwamba agizo hilo linamruhusu mshindani kununua bidhaa yako kihalali na kuifungua msumari kwa msumari. Usipoteze nguvu kulinda kinachoonekana dukani.

Andika vitu vitano, visizidi, ambavyo vikijulikana vitakuumiza. Mbele ya kila kimoja andika nani anakijua. Kisha fuata safari yake, mkono kwa mkono. Nitaeleza safari moja kwa urefu kwa sababu ilinifundisha kuliko nyingine zote.

Mteja alikuwa ameshindwa zabuni tatu mfululizo, kila mara kwa tofauti ndogo mno. Alikuwa na hakika mchawi wake ni katibu muhtasi, mama aliyekaa naye miaka 11, na barua ya kumwachisha kazi ilikuwa imeshachapwa. Nikaomba wiki moja. Nilikaa na yule mama, tukaiandika njia ya bei tangu inapozaliwa: mkadiriaji, meneja wa fedha, mkurugenzi, yeye anayechapa, bahasha. Nikamuuliza kama kuna karatasi nyingine yoyote inayotoka ofisini kabla ya bahasha kufungwa. Akafikiri. "Ile barua ya benki," akasema. "Ya dhamana."

Masharti ya zabuni zile yalidai dhamana ya zabuni, yaani ahadi ya benki kulipa mzabuni akijitoa, ya asilimia 2 ya bei, nayo benki ilihitaji siku nne kuiandaa. Dhamana ikiandikwa 46,000, yeyote anayeiona anagawanya kwa 0.02 na kupata 2,300,000. Hiyo ndiyo bei yako, siku nne kabla, mezani kwa watu ambao hawakuapa kukutunzia siri wewe peke yako. Nani aliongea, hatukujua, na sikutaka kubahatisha. Zabuni iliyofuata tuliomba dhamana ya 60,000, wiki tatu mapema, kabla bei haijapangwa. Masharti yalisema isipungue asilimia 2; hayakukataza kuzidi. Bei ya mwisho waliijua watu wawili, na iliandikwa kwa mkono asubuhi ya kuwasilisha. Barua ya kumwachisha mama yule niliiomba, nikaichana mbele ya mkurugenzi.

Matundu mengine nitayataja upesi. Daftari la wageni pale mapokezi, ambamo kila anayetia saini anasoma waliomtangulia. Mpe kila mgeni kipande chake cha karatasi. Ubao wa chumba cha mikutano unaoonekana kutoka korido. Mkataba wa kukodi mashine ya kunakili, ambayo huwa na diski ndani, na siku inaporudishwa inarudi na nakala zako. Usaili wa kazi, ambapo mshindani anamwita kijana wako na kumuuliza "mradi wako wa sasa ni upi" bila nia ya kumwajiri. Simu za kampuni za ushauri zinazolipa kwa saa ili mtu "aeleze sekta". Wape watu wako sentensi moja wanayoweza kuitumia bila aibu: "Hilo halimo katika ninayoweza kuzungumzia." Wape pia mtu mmoja wa kumwambia wanapohisi wameteleza, na asiadhibiwe anayekuja mwenyewe. Ukiadhibu wa kwanza, hutasikia tena chochote. Barua pepe ziwekeeni uthibitisho wa hatua mbili, leo.

Watu huniulizia kwanza vinasa sauti vilivyofichwa ukutani. Nimeitwa mara nyingi kuvitafuta. Nilichokikuta ni madirisha yaliyo wazi na wakurugenzi wanaozungumza na simu kwenye ngazi.

Nakala zenye alama husaidia, na ndugu zake ni ghala, bohari na godauni: kila mjumbe wa bodi anapata waraka wenye tofauti ndogo ya maneno. Lakini alama inakuonyesha nakala, haikuonyeshi mtu. Nakala ya mjumbe hupita kwa mwanawe, kwa dereva, kwenye kiti cha ndege. Kikulacho ki nguoni mwako, ni kweli, ila nguo ina mifuko mingi. Alama ikijitokeza, anza kwa mazungumzo.

Na usimfuate mtu barabarani. Mwaka 2019 benki ya Uswisi, Credit Suisse, iliwakodi wapelelezi wamfuate Iqbal Khan, mkuu wa kitengo aliyekuwa anahamia benki shindani, UBS. Aliwagundua katikati ya Zurich, wakavutana. Mtu wa kati aliyewakodi wapelelezi hao alijiua, mkuu wa uendeshaji akajiuzulu, na Februari 2020 mtendaji mkuu Tidjane Thiam naye akaondoka. Msimamizi wa mabenki, FINMA, alikuja kueleza kwamba operesheni saba za namna hiyo zilipangwa kati ya 2016 na 2019. Mji wa Zurich ni mdogo. Mji wako huenda ni mdogo zaidi.

Kuna siku siri ya mshindani italetwa mlangoni kwako bila kuiomba. Mwaka 2006 Pepsi ilipokea barua ya mtu anayeuza siri za Coca-Cola. Iliipeleka kwa Coca-Cola wenyewe, FBI wakaingia, watu wakafungwa. Mwaka 2001 Procter & Gamble iligundua kwamba watu iliowakodi walipekua takataka za ofisi za Unilever huko Chicago; ikaenda kukiri yenyewe, na ikaripotiwa kwamba suluhu ilifika dola milioni 10. Mimi bahasha kama hiyo siisomi. Naifunga, naandika saa na tarehe, nampigia wakili.

Kufunga jalada

Kazi mbili zinazogongana sizichukui, na katika nchi ndogo hugongana kila mwaka. Nina orodha ya wateja na watu niliowachunguza, miaka mitatu nyuma, naisoma kabla ya kusema ndiyo. Nikikataa sitoi sababu, kwa kuwa sababu yenyewe ni taarifa.

Ripoti ikishapokelewa naichana ramani ya penseli, nafuta rekodi za mazungumzo, nabakiza ripoti na stakabadhi za ada za masjala. Mteja namwomba asichukue hatua yoyote kwa siku 10 kama biashara inamruhusu, ili uamuzi wake usionekane umezaliwa na mazungumzo ya juzi. Katika siku hizo nafanya shughuli zangu za kawaida, benki, bandari, mahakamani, masikio wazi. Likinirudia neno "godauni", najua ni nani sitamuuliza tena.